Presha kuka ya umeme katika nyumba ya bokoboko na khichdo

Nianze na jibu, kwa walio na haraka: nunueni, ila msinunue kwa ajili ya pilau. Yangu ni ya lita 6, wati 1,000, chungu chake cha ndani ni cha chuma kisichoshika kutu. Nimeipikia Ramadhani, Idi zote mbili, Muharram, na asubuhi nyingi za mbaazi zisizokuwa na sherehe yoyote. Chapa sitaitaja kwa sababu nina neno na duka lililoniuzia, na pia kwa sababu mashine hizi zilizojaa mjini nyingi zinafanana kwa kila kitu isipokuwa jina lililobandikwa mbele.

Lazima kwanza mjue imepikia watu gani, maana mashine iliyonifaa mimi huenda isiwafae nyinyi. Tunakaa Tudor, Mombasa. Mimi ni Mswahili; mamangu alizaliwa Pate, akaletwa Mji wa Kale angali mdogo, na tangu babangu afariki siku nyingi huwa yuko kwangu kuliko kwake. Mume wangu ni Mkutchi, Mhindi wa asili ya Kutch. Mamake, ambaye sote twamwita Ma na wajukuu wamwita Dadi, tunaishi naye. Ghorofa ya juu yuko kaka yangu na mkewe, wifi yangu, Mnubi wa Kibra, ambaye babu zake walikuwa askari wa Kisudani waliokuja huku na jeshi la Waingereza. Chakula cha jioni tunakula pamoja, wa juu na wa chini. Waislamu sote, Sunni sote, kibla kimoja. Lakini ikifika asubuhi ya Idi, kila mmoja ana hakika kwamba Idi ya kweli ni ile iliyokuwa ikinukia kwao.

Katika nyumba kama hii kila chombo kina mwenyewe. Degi ya shaba ni ya Ma, aliirithi kwa mamake. Seredani na ile sufuria kubwa ya Idi ni za mamangu, hata kama ziko stoo kwangu. Kaango bapa la gurusa, ule mkate mwembamba wa Kinubi, ni la wifi, na yale makawa ya rangi rangi aliyoyasuka mamake, wao huyaita tabaga, hakuna mtu anayethubutu kuyaweka karibu na moto. Mwenye chombo ndiye mwenye amri. Ukipika bokoboko kwenye degi ya Ma, Ma atapita na dengu mkononi. Ukipika khichdo kwenye sufuria ya mamangu, sukari itakuwa iko karibu, na hutajua nani aliyeileta. Mashine hii imekuja haina ukoo. Hakuna bibi wa upande wowote aliyewahi kusema, "Sisi kwetu presha kuka ya umeme hatuitumii hivyo." Hiyo kwangu ndiyo sifa yake ya kwanza, na haikuandikwa kwenye boksi.

Sasa kazi yenyewe, tuanze na ile iliyonifanya niinunue.

Bokoboko na khichdo ni ndugu. Zote ni ngano na nyama zilizopikwa mpaka hujui moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Oman wanaiita harees, na mwaka 2023 UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi kwa maombi ya Oman, Saudia na Umoja wa Falme za Kiarabu. Upande wa India, Hyderabad ina haleem yake, iliyosajiliwa kisheria kwa jina la mji huo tangu 2010. Na huko huko Hyderabad kuna mtaa wa Barkas, walikokaa askari wa Kihadhrami, Waarabu wa Hadhramaut huko Yemen, waliomtumikia Nizam, mtawala wa Hyderabad, ambako harees ya Kiarabu ingali inapikwa na kuuzwa. Wahadhrami ndio hao hao waliojaa Lamu na Mombasa. Nilimweleza Ma haya yote siku moja nikidhani nimemaliza ugomvi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, na huko Hyderabad watia sukari?"

Maana tofauti iko hapo. Bokoboko ya kwetu ni ngano iliyopwagwa, nyama ya mbuzi au kuku, kijiti cha mdalasini, chumvi, basi. Juu yake samli ya moto, na bakuli la sukari pembeni, kila mtu anyunyize kwa nafsi yake. Khichdo ya Ma ni ngano hiyo hiyo, lakini ndani mna dengu za aina mbili tatu, tangawizi, thomu, pilipili mbichi, manjano na garam masala; juu vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia, pudina, dania, tangawizi iliyokatwa nyuzi nyuzi, na ndimu. Yetu huliwa asubuhi ya Idi. Yake ni ya Muharram. Ma akiona sukari juu ya nyama hugeuza uso kama mtu aliyepishana na jeneza. Mamangu naye, akiwekewa khichdo, hula mpaka mwisho kwa adabu, kisha husema, "Kitamu, mashallah. Lakini huu ni mchuzi."

Kwa mashine tumepata pa kukutana, na siri yake ni kwamba kinachopikwa ndani ya presha hakijawa bado chakula cha mtu yeyote. Usiku naloweka vikombe 2 vya ngano. Asubuhi namwaga maji, natia chunguni pamoja na nyama kilo moja kasorobo yenye mifupa, mdalasini, chumvi, na vikombe 7 vya maji. Msipite nusu ya chungu hata kama macho yanawaambia pana nafasi: ngano hufura na kutoa povu, na povu likiziba kile kidude cha mvuke mna kazi. Dakika 45 za presha, kisha iacheni ishuke yenyewe, nusu saa hivi. Mwenye pupa akikifungua kidude mapema, ule uji mzito utatokea huko huko na mtaukwangua darini.

Ikishashuka natoa mifupa na mdalasini, nagawa kwenye sufuria mbili. Ya kwanza ni ya mamangu: mwiko, samli, na hataki msaada. Ya pili ni ya Ma: dengu zake amezichemsha pembeni kwenye gesi, masala amekaanga mwenyewe, vinaingia vyote kwa pamoja na ngano inachemka tena kiasi cha kukubali viungo. Kutoka kuwasha mpaka kula ni kama saa mbili. Kwa makaa ilikuwa ni usiku wa watu kulala kwa zamu, na asubuhi macho mekundu kwenye swala ya Idi.

Mashine haipigi, hilo mlijue. Ngano inaiva, nyama inalainika, lakini ule mvutano wa bokoboko, ukiinua kijiko zikanyanyuka nyuzi za nyama, hautoki kwenye stima. Unatoka kwenye mkono. Wifi yangu alileta ile blenda ya kushika mkononi kwa nia njema kabisa, tukaijaribu kwa kibakuli kimoja. Ikawa gundi. Tungeweza kubandikia bango la mgombea. Kwa hivyo mwiko umebaki, ila kazi yake sasa ni ya dakika kumi na kitu tu, si ya saa, na kwa sababu ni fupi kila mtu anaitaka. Mume wangu, ambaye kwao khichdo ya madegi makubwa ni kazi ya wanaume na kazi nyingine zote za jikoni si zao, amekuwa akiomba zamu. Watoto nao wanapigania mwiko. Kaka yangu hushuka chini kwa ajili hiyo, kisha akakaa akala.

Basi tangu hapo Idi ndogo na siku ya Ashura zina sufuria mbili mezani badala ya moja. Hatukukaa kikao tukakubaliana. Ilitokea kwa sababu chungu kimoja kilitosha kulisha pande mbili, na hakuna aliyejihisi kamwazima mwenziwe chombo. Siku ya Ashura sisi tuliofunga tunakula magharibi, na mamangu aliyekuwa akisema bokoboko ni ya Idi tu, sasa hujipigia sufuria yake Muharram bila kuulizwa. Binti yangu mkubwa amezua la tatu: bokoboko ya bibi yake, vitunguu vya Dadi juu, na sukari kidogo. Mabibi wote wawili walikasirika kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu niolewe.

Idi kubwa ni rahisi zaidi, maana huko hapakuwa na mgogoro wa kutafutia dawa. Nyama ya udhia ikishagawiwa, miguu hubaki nyumbani. Kwetu ni supu ya miguu, ndimu na pilipili. Ma huiita paya, hutia masala na huila na mkate asubuhi. Saa moja ya presha na mifupa inaachia kila kitu, maji yanakuwa mazito yananata midomo. Nachemsha na thomu, tangawizi na chumvi peke yake, kisha kila mtu anamalizia bakuli lake. Kama mtu ananunua mashine hii kwa ajili ya supu ya miguu tu, nitamwambia hakupoteza pesa.

Ramadhani ndiyo iliyonionyesha faida ya kila siku. Hapa Magharibi huadhiniwa karibu na saa kumi na mbili na nusu, na shida ya mpishi aliyefunga si kupika, ni kusimama mbele ya moto tangu saa tisa koo limekauka. Shurba ya ngano na nyama naitia saa kumi, naibonyeza, naondoka. Naswali Alasiri kwa utulivu, nasoma juzuu yangu, nakuta imeiva na inajiweka moto yenyewe. Mikono inabaki huru kwa vinavyotaka mikono: sambusa, kaimati, na gurusa za wifi, ambazo ni nyembamba na laini na zinavuta shurba vizuri kuliko mkate wowote wa duka. Gurusa haina shughuli na mashine. Lakini kabla ya mashine, mafiga yote ya gesi yalikuwa yameshikwa na masufuria yetu, naye alikuwa akipika zake juu kisha azishushe zimepoa. Sasa figa moja ni lake kila jioni. Yale makawa ya mamake yameteremka nayo, yanafunika futari yote mezani, ya Kikutchi na ya Kiswahili, na sinia zetu za plastiki zimerudi kabatini zilikostahili.

Kuna kibonyezo cha kutega saa, kwamba utie vitu asubuhi na ianze kupika alasiri. Kwa mbaazi na maharagwe kinafaa. Kwa nyama mbichi sitaki kukisikia. Kwa joto la Mombasa, nyama iliyokaa saa sita kwenye chungu kilichofungwa ikingoja stima si futari, ni ugonjwa.

Mbaazi kavu zilizolowekwa usiku huchukua dakika 20, zisizolowekwa 35 au 40. Tui zito litieni mwisho, presha ikishatoka, kifuniko kimefunguliwa. Likipikwa kwenye presha hukatika, mafuta yakaelea juu na chini mkabaki maji meupe. Mahamri hayo ni shauri yenu.

Sasa pilau. Jamani, hapana. Wali unaiva, siwezi kusema haukuiva. Lakini viungo vinachemka badala ya kukaangika, nyama inakuwa laini kupita kiasi, punje zinashikana, na mara nyingine masala yaliyoganda chini yanaifanya mashine ipige kelele kwamba inaungua na kujizima katikati ya kazi. Mbaya zaidi, hakuna ukoko. Pilau ya kupaliwa makaa juu ya kifuniko ina ukoko wa kugombaniwa, na nyumba iliyokulia kwenye ukoko haiwezi kudanganywa. Akni ya Ma, wali wao wa nyama na viungo, nayo tuliijaribu humo, na yeye, ambaye kwa kawaida husifu chakula chochote kilichopikwa na mtu mwingine, alisema tu kwamba amekwisha shiba. Kwa biriani nachemshia nyama peke yake kama ni ya ng'ombe mgumu. Wali na kuwekeana matabaka hufanywa kwenye sufuria kama zamani.

Kitu ambacho hakuna muuzaji atakayewaambia ni ule mpira wa kifuniko. Mpira hunywa harufu. Mkipika khichdo leo, mpira utanuka thomu na garam masala wiki nzima, hata muuoshe na ndimu na siki. Hilo halina madhara mpaka asubuhi ya Idi, Ma anapotaka sheer khurma: maziwa, tambi nyembamba, tende, lozi, pistachio, hiliki. Maziwa yaliyofungwa kwenye mpira wa khichdo yanatoka na harufu ambayo hata mgeni mwenye adabu hatoweza kuificha. Sisi tuna mipira miwili sasa, mweupe wa tamu na wa kijivu wa chumvi, na aliyeichanganya huosha vyombo. Sheer khurma yenyewe, kusema kweli, siifungi tena. Naikaangia lozi na tambi kwenye samli kwa kile kibonyezo cha kukaanga, namimina maziwa na kuikoroga wazi wazi. Tambi za kwetu za sukari, zilizokauka na zabibu na hiliki, zinapikwa pembeni kwenye kikaango, na zinaliwa kwa kijiko kile kile. Watoto hawajui ni mila mbili. Wao wanajua tambi za mchuzi na tambi kavu.

Kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza na Kichina. Vibonyezo vinasema keki, uji wa mchele, mtindi. Ngano haimo, mbaazi haimo, miguu ya mbuzi ndiyo usiulize. Kwa nyumba yangu hilo lilikuwa tatizo la kweli, maana mabibi wote wawili ni wapishi kuliko mimi na hakuna kati yao anayesoma Kiingereza. Mamangu anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndivyo alivyofundishwa chuoni Pate. Ma anasoma Kigujarati. Binti yangu alichukua karatasi za kubandika, akakaa na kila bibi kwa wakati wake, akawaandikisha. Sasa uso wa mashine una safu mbili za vikaratasi vilivyofunikwa kwa selotepu: kulia ngano, mbaazi, nyama, miguu, kwa mkono wa mamangu, na dakika zake, kushoto vile vile kwa mkono wa Ma. Binti amechora nyota kwenye kile cha kuzima. Si pazuri, panafanana na mlango wa friji ya watu wenye watoto wengi, lakini tangu hapo siitwi jikoni kila dakika. Nimewakuta mara kadhaa wote wawili wamekaa mbele yake wakibishana kama ngano ya soko la Marikiti ya msimu huu yataka dakika 45 au 50. Wanabishana kwa Kiswahili, Ma akitia Kikutchi panapomzidi.

Niseme pia kuhusu Idi mbili, maana wasomaji wa pwani mtanielewa. Kaka yangu hufuata mwezi popote ulipoandama. Ma na mume wangu husubiri tangazo la Kadhi Mkuu. Mamangu hufuata aliyekaa karibu naye. Kuna mwaka juu walikula mchana na chini tumefunga, na harufu ikishuka ngazini. Hapo zamani maana yake ilikuwa kupika bokoboko usiku mbili mfululizo au kula kiporo kilichogandamana. Safari hiyo nilipika mara moja. Nusu ilipanda juu asubuhi. Nusu nyingine iliingia kwenye friji mara tu ilipopoa, na kesho yake nikairudisha chunguni na kikombe cha maji yanayochemka, nikaipiga mwiko kidogo, samli mpya juu. Mume wangu alidhani imepikwa alfajiri ile. Kile kibonyezo cha kuweka moto msikitumie kulaza chakula usiku kucha. Kwa saa mbili tatu, wageni wakiingia na kutoka, ni sawa; zaidi ya hapo ngano hukauka pembeni ikawa ganda.

Kuhusu stima: wati 1,000 zikiwaka saa nzima bila kuzima ni yuniti 1. Mashine hii huwaka moja kwa moja mwanzoni tu, inapopandisha presha; baada ya hapo huwaka na kuzima. Kwa hivyo bokoboko nzima hainimalizii yuniti ya tokeni, na makaa ya usiku mzima mnayajua bei yake. Stima ikipotea katikati, yangu husahau ilikuwa wapi, na ikirudi inabidi uihesabie mwenyewe dakika zilizobaki. Msifungue kifuniko kwa hasira. Presha inabaki ndani muda mrefu na chakula kinaendelea kuiva.

Ukubwa nao. Lita 6 kwenye boksi si lita 6 kwenye sinia. Kwa nafaka mnatumia nusu, yaani lita 3, na hiyo ni bokoboko ya watu wanane wenye njaa ya kawaida. Sisi tunatosheka kwa sababu pana vitu vingine mezani. Kama mko kumi na zaidi, chukueni ya lita 8. Kwa khitma, maulidi ya nyumbani au arusi, mashine hii ni mzaha. Azimeni degi na mtafute watu wa kukesha.

Mwisho duka. Yule kijana aliyeniuzia alikuwa mcheshi, alinipa waranti iliyopigwa muhuri, na akaniapia kwamba vipuri vyote viko. Mpira wa pili nilipouhitaji, haukuwako. Waliagiza, wakasahau, wakaagiza wa ukubwa mwingine, na nilipouliza kuhusu waranti nikaambiwa mpira hauhesabiwi kuwa sehemu ya mashine. Mpira! Ambao bila huo ni sufuria yenye waya. Hatimaye niliupata kwa fundi wa vyombo vya umeme barabarani, anayekaa na sanduku lililojaa mipira ya kila kipimo, kwa bei ndogo kuliko ile niliyotajiwa dukani, na akanifungia papo hapo.

Kwa hivyo mkienda kununua, fanyeni haya kabla ya kutoa pesa. Waambieni wawatolee chungu cha ndani mkikamate: kiwe cha chuma kitupu, si cha utando mweusi, maana mwiko na miiko ya mabibi haina huruma na utando utabanduka ndani ya chakula. Pimeni kina cha chungu, msisome namba ya boksi peke yake. Ichomekeni kwenye stima hapo hapo, muone kama inawaka. Kisha ombeni mipira miwili ya akiba, na msikubali kuambiwa inakuja.